Mkuu wa shule lazima awe mwalimu?

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana.

Jana usiku umeme ulikatika hosteli, tukabaki kubishana tu. Jamaa yangu wa chumbani anasoma biashara, mimi ualimu. Yeye anasema shule ni kama kampuni: ina hela, ina wafanyakazi, mpe meneja aiendeshe, cheti cha ualimu cha nini? Akanitolea mfano wa New York. Mwaka 2002 Meya Michael Bloomberg alimkabidhi mwanasheria Joel Klein shule za serikali za jiji zima, wanafunzi zaidi ya milioni moja, na akadumu miaka minane.

Nikamwambia malizia hadithi basi. Baada ya Klein akaletwa Cathie Black, bosi wa majarida ya Hearst. Sheria ya jimbo ilitaka mtu mwenye shahada ya uzamili na miaka mitatu ya kufundisha, yeye hana. Ikabidi aombewe kibali maalumu, akapewa kwa sharti la kuwekewa msaidizi anayejua elimu. Akaanza Januari 2011. Wazazi wakawa wanamzomea mikutanoni. Aprili hiyohiyo, nje!

Jamaa kimyaa. Lakini jamani, ukweli niseme, hata mimi nina kidonda changu. Sekondari niliyosoma tulikuwa na mwalimu wa kemia, acha kabisa! Akifundisha hata wa mkiani wanaelewa. Wakampa ukuu wa shule. Mwaka haujaisha kemia haina mwalimu, na mwenyewe anashinda ofisini anagombana na mzabuni wa maharage na vitabu vya mahesabu asivyovielewa. Cheti cha ualimu alikuwa nacho, tena safi. Kuendesha shule hakuna aliyemfundisha.

Na si kwamba mahali pa kufundishwa hakuna. ADEM pale Bagamoyo kazi yake ndo hiyo, uongozi wa elimu. Kwa hiyo mimi nasema awe mwalimu, aliyeshika chaki miaka kadhaa, maana asiyewahi kufundisha atamkaguaje anayefundisha? Halafu apite Bagamoyo KABLA hajapewa funguo za ofisi, sio baadaye kama semina ya posho. Mahesabu aachiwe mhasibu.

Hapo jamaa akacheka gizani: "Sasa mhasibu mwenyewe si ndo mimi?"