Tusifanye Wakristu wa Macho Tu



Katika parokia moja ya mji wetu wa Lubumbashi, siku chache kabla ya Noeli, tuliwauliza wakatekumeni: Mamajusi waliokuja kumwabudu Mtoto Yezu walikuwa wangapi? Wakajibu kwa sauti moja: «Watatu!» Tukauliza tena: Mmejuaje? Kijana mmoja akasimama, akasema: «Mwalimu, tuliwaona.»

Kweli waliwaona, katika filamu ya Franco Zeffirelli juu ya Yezu wa Nazareti, iliyotolewa mwaka 1977. Tukataka kufungua Injili ya Matayo, sura ya pili, mahali ambapo hesabu ya mamajusi haikuandikwa. Lakini katika chumba kile, chenye mashine mpya ya kuonyesha picha na vipaza sauti viwili, haikupatikana Biblia hata moja, isipokuwa ile ya mwalimu.

Hatusemi kwamba kuhesabu watatu ni kosa. Mapokeo yanasema hivyo kwa ajili ya zawadi tatu, na pango letu la Noeli lina watatu. Tunasema hivi: mtu asiyejua lipi limeandikwa na lipi limetiwa na mtengeneza filamu, atapambanuaje? Kesho nabii wa uongo atamwonyesha miujiza katika simu, naye atasema vilevile: «Niliona.» Wazee walisema, macho hayana pazia. Kila kitu chaingia.

Wako wanaotuambia: «Acheni vitabu. Watu wa leo hawasomi. Wapeni video, wataelewa.» Wanasema kwa moyo mwema, na baadhi yao ni walimu wenzetu. Lakini neno hilo si jipya, wala si neno la heshima.

Mwaka 1945 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri kwamba Mwafrika asitazame filamu ila ile iliyokubaliwa na tume ya ukaguzi. Wenye kazi hiyo walidai kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu za Wazungu. Basi apewe hadithi fupi, picha za polepole, mambo mepesi. Mwaka 1952 L. Van Bever alitoa Bruxelles kitabu kizima juu ya sinema ya Waafrika. Angalieni vema, ndugu: wao kwa wao waliandikiana kitabu, na sisi tukapewa picha! Je, leo sisi wenyewe tuwatendee hivyo watoto wetu wa Katuba na Kamalondo?

Hatuwadharau mapadri wa zamani. Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, filamu za Matamata na Pilipili, na watu walicheka sana. Kicheko si kosa. Kosa ni kufikiri kwamba picha yamtosha mtu fulani, na kitabu ni cha mwingine.

Tena, wapenzi wa sinema wasikie ushuhuda wa sinema yenyewe. Mwaka 1962 John Ford wa Marekani alitoa filamu juu ya mnyang'anyi Liberty Valance. Ni filamu ya bunduki na farasi, kama zile walizozipenda sana vijana wa Kongo. Lakini ndani yake mwanasheria anafungua darasa la kuwafundisha watu wazima kusoma, na mtumishi mweusi, Pompey, ameketi humo pamoja na wengine. Na mnyang'anyi akitaka kuunyamazisha mji, anampiga mwenye gazeti na kuvunja kiwanda chake cha kuchapa. Mwovu yule alijua pa kupiga.

Mwaka 1966 Mfaransa François Truffaut alitoa filamu «Fahrenheit 451». Mwanzoni majina ya wachezaji hayakuandikwa, yanatamkwa tu. Kwa nini? Kwa sababu ni habari ya nchi ambamo kusoma kumekatazwa. Wazimamoto wanachoma vitabu, gazeti ni picha tupu bila maneno, na mke anakaa mchana kutwa mbele ya picha za ukutani. Siku moja mzimamoto Montag anafungua kitabu kwa siri, anafuata maneno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo anaanza kujiuliza maswali. Huko Serikali ilihitaji moto ili kuondoa vitabu. Kwetu moto haukuhitajiwa: tulivifungia katika kabati ya sakristia, tukapoteza ufunguo.

Mtu asiseme kwamba tunapiga vita picha. Karibu na mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimkemea Askofu Serenus wa Marseille aliyevunja picha za kanisani, maana kwa asiyejua kusoma picha ni fundisho. Na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliisifu sinema kati ya vyombo vya ajabu vya ufundi, ukataka pia vijana wafundishwe kuvitumia kwa busara. Lakini Gregori alisema hivyo kwa ajili ya wasiojua kusoma. Hakusema tuwaache daima hivyo.

Mtajibu: vitabu ni ghali. Lakini fedha ya mashine ilipatikana! Na kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti katika jumuiya, kinawalisha watu ishirini. Hata Biblia iliyo ndani ya simu ni Biblia, mradi isomwe. Basi tunaomba jambo moja kwa kila parokia: siku ya filamu, kwanza isomwe sura, ndipo itazamwe picha, halafu watu waulizwe: Lipi limeandikwa? Lipi limeongezwa?

Yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume, sura ya nane, alikuwa garini akimsoma nabii Isaya. Filipo hakumnyang'anya kitabu kwa kuwa hakuelewa. Alipanda, akaketi karibu naye, akamfafanulia.

Walimu wenzetu, tupande garini.