Uso Kuvimba Si Kurogwa

Wasee wa Tuwan, hii stori ya "amerogwa" imetuchosha. Mtu anaamka uso umevimba, mishipa ya shingo imesimama, akilala chali anakosa pumzi, na nyinyi mnatafuta jirani wa kulaumu! Kifuani kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu ya kichwa na mikono kwa moyo. Kuta zake ni nyembamba. Uvimbe ukimea kando yake, mara nyingi kansa ya mapafu au ya tezi, unaubana na damu inakwama huko juu.

Na si ati daktari atakimbilia kisu. Anapiga picha kwanza, kipande kinapimwa, juu kansa ya tezi husikia dawa bila upasuaji. Kuna uvimbe mwingine lazima utolewe, na mshipa uungwe upya.

Sasa serikali nayo. Hospitali yetu ya rufaa hapa Kitale inaitwa Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefia London akitibiwa, 2003. Mheshimiwa hupanda ndege. Mathee wa Tuwan akiambiwa aende Eldoret, kilomita kama 70, anauliza nauli kwanza. Mkutano ujao wacheni kung'ang'ania tisheti. Muulizeni gavana: huyu mathee atapasuliwa wapi, na SHA italipa ngapi?