KAZI ZA MIKONO: Kizimba cha Fedha cha Kuvaa Shingoni

Juma hili twatengeneza kidani: kizimba kidogo cha waya wa fedha, chenye ushanga mmoja ndani. Bibi zetu walivaa udodi mikononi na miguuni, kwa hiyo kazi ya kuzungusha waya si ngeni kwetu.

Kwanza, ununuzi. Fedha tupu ni laini mno, ndiyo sababu masonara huichanganya. Iliyopigwa alama 925 ina sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Zile 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Jihadhari na ile iitwayo “fedha ya Kijerumani”. Yang’aa kweli, lakini ndani hamna fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki, na nikeli huwawasha watu wengine ngozi. Nunua kwa sonara unayemwamini, akukatie sentimita 30 za unene wa milimita 0.8. Ila usianze kwa fedha. Jifunze kwanza kwa waya wa shaba wa kipimo hicho hicho, maana ukiharibika hasara ni ndogo.

Tena tafuta koleo ndogo yenye ncha nyembamba za mviringo, tupa, na ushanga wa upana wa milimita 8 hivi.

Sasa kazi yenyewe. Lainisha kwa tupa ncha zote mbili za waya zisikwaruze ngozi. Kunja kitanzi kidogo sana katika ncha moja, kisha uzungushe waya kukizunguka kitanzi hicho, bapa, kama mama aanzavyo kitako cha kikapu. Ukifika nusu ya waya, simama. Fanya vivyo hivyo katika ncha ya pili, ila mzingo huu ukae upande wa pili wa waya, hata umbo lote liwe kama herufi S. Halafu ukunje pale katikati, mizingo miwili ilaliane kama viganja vya mtu anayesali.

Shika kitanzi cha mzingo mmoja ukivute nje polepole. Na cha pili vilevile, kwa upande wake. Waya utafumuka uwe kama dema dogo la samaki, pana katikati, jembamba huku na huku. Panua nafasi ya katikati kwa kijiti, tia ushanga, kisha ubane waya kwa vidole mpaka ushanga usiweze kutoka. Katika kitanzi cha juu tia pete ya waya, na katika pete upitishe uzi. Usikunje na kukunjua mahali pale pale, maana fedha ikisumbuliwa hivyo huwa ngumu, kisha hukatika.

Baada ya miezi kidani chaweza kuwa cheusi. Ukisikia mtu akisema mvaaji amerogwa, usimsadiki. Ni salfa iliyomo hewani na katika jasho inayoshikana na fedha. Sugua taratibu kwa kitambaa laini, weusi utatoka, usitumie mchanga.

Na hapa nataka tusikilizane vema. Kizimba ni kitu cha kutia kitu, na jirani aweza kukujia na kipande cha mzizi: “Tia hiki, umvike mtoto, hatapatwa na degedege.” Hapo pambo limegeuka hirizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yalisema jambo hili waziwazi katika fungu la 2117: kuvaa hirizi hakupatani na imani yetu. Tena kuna hatari ya mwili. Degedege mara nyingi hutokana na homa kali, na homa hiyo yaweza kuwa malaria. Mama anayeutegemea mzizi hungoja, na malaria haingoji. Mpeleke mtoto zahanati siku ile ile, huku ukimwombea njiani. Wala mtoto mchanga asivikwe kidani chochote: uzi waweza kumkaba, na ushanga ukitoka aweza kuumeza ukampalia.

Ofisini kwa parokia huulizwa: je, naweza kutia punje ya rozari ya marehemu mama yangu? Kama rozari imekatika, itengeneze kwanza, uisali. Ndivyo yeye mwenyewe angependa. Ikiwa punje zimepotea na haitengenezeki tena, mwonyeshe Padre wako, umwulize. Rozari iliyobarikiwa ni kitu cha kuheshimiwa, si cha biashara. Akikuruhusu, ivae punje ile kwa kumkumbuka mama na kumwombea, wala usiitazamie ikukinge na risasi au mchawi.

Vipande vya fedha vitakavyobaki msivitupe. Sonara huviyeyusha tena. Mungu abariki kazi za mikono yenu.