Zamu Fupi, Mlango Wazi

Huenda umeshaliona daftari letu likipita mikononi mwa watu: kubwa, lenye jalada gumu, lile ambalo nyumbani tungeliita kaunta buku. Ndani yake kuna jahazi lililotoka Lamu kuelekea Unguja, na ndani ya jahazi kuna watu tisa. Kila mmoja wao ana mwenyewe katika chama chetu. Yupo nahodha, yupo mpishi, yupo dereva wa lori kutoka Bukavu ambaye hajapata kuona bahari, yupo bibi mwenye sanduku asilotaka liguswe. Sheria ni moja: unaandika maneno na matendo ya mhusika wako tu, kisha unampa daftari anayefuata. Michezo ya kuvaa nafsi ya mtu wa kubuni na kuisukuma hadithi kwa pamoja imezoeleka sana hapa Marekani tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Sisi tumeacha mazimwi na panga, tukabaki na kalamu.

Sasa daftari limekwama. Linakaa kwa mtu wiki mbili, na akiulizwa anajibu kwamba mzuka haujapanda. Ndiyo maana wenzetu wawili wameleta pendekezo litakalojadiliwa katika mkutano ujao: kila zamu isipungue maneno 300, na kila ukurasa usahihishwe kabla daftari halijapita kwa mwingine. Nia yao ni njema. Wanataka hadithi iwe nzito na Kiswahili kiwe safi. Sisi tunaoandika makala haya, watano kati ya wale tisa, tunalipinga pendekezo hilo, na tunaomba wanachama watusikilize kabla ya kunyoosha mikono.

Tuanze na huo mzuka. Anayeandika riwaya peke yake ana haki ya kukaa dirishani akingoja wazo. Mwenye zamu hana haja hiyo, kwa sababu wazo ameshaletewa. Wanaojua bao la kiswahili watatuelewa haraka. Mchezo una kete 64, kila mchezaji 32. Unapoanza, kete zako 10 zimo ubaoni na 22 zimo mkononi, na katika hatua ya namua unaziingiza moja moja. Za mkononi zikiisha ndipo unaanza mtaji, na hapo hakuna kete mpya tena. Unacheza na zilizomo. Hadithi yetu imeshavuka namua. Ina watu tisa, sanduku, kikombe kilichopotea na upepo uliogoma. Anayesema hana la kuandika anapekua mkono mtupu na huku ubao umejaa.

Washairi wetu walilijua jambo hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi kiasi cha mwaka 1840, alikuwa mtu wa kujibizana na washairi wenzake, na desturi ya kujibizana ni kwamba anayejibu huchukua bahari na vina vya aliyeanza. Hachagui pa kuanzia, amechaguliwa. Mathias Mnyampala alipoeneza ngonjera baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msingi ulikuwa huohuo: mmoja anasema ili mwingine apate la kusema. Katika tungo za namna hii, kusoma vizuri ni nusu ya kutunga.

Tutoe mfano kutoka daftarini. Mwezi uliopita mwenye mpishi aliandika sentensi chache tu: mpishi alihesabu vikombe, jana vilikuwa kumi, leo tisa, akamtazama bibi wa sanduku, akanyamaza. Basi. Hazikufika hata maneno 30. Lakini baada yake watu watatu waliandika ndani ya siku nne, kila mmoja akiwa na la kufanya. Bibi alilazimika kueleza kwa nini amekalia sanduku. Nahodha alilazimika kuchagua upande. Kijana wa tanga, ambaye hakuna aliyekuwa akimshughulikia, akajitokeza na kikombe mkononi na sababu isiyoaminika. Kikombe kimoja kiliwafungulia mlango watu watatu.

Sasa fikiria zamu hiyohiyo ikiwa imelazimishwa kufika maneno 300. Mwandishi atafanya nini baada ya kuhesabu vikombe? Atamtafuta mwizi, atamkamata, atamkaripia, atamsamehe, ataleta na dhoruba ili ukurasa ujae. Atakayefuata atakuta kila kitu kimeliwa, sahani zimeoshwa na jiko limezimwa. Ataanza upya, au atasema mzuka haujapanda. Urefu unaopendekezwa kama dawa ndio utakaozidisha ugonjwa.

Kuna hesabu pia. Muhula wetu una wiki 15. Watu tisa wakikaa na daftari wiki mbili kila mmoja, mzunguko mmoja unachukua wiki 18, yaani muhula unaisha kabla ya wote kuandika hata mara moja. Wakikaa nalo siku mbili, mzunguko unachukua siku 18, na kila mtu anaandika zaidi ya mara tano katika muhula. Kwa anayejifunza kuandika Kiswahili, mara tano za maneno 100 zina faida kuliko mara moja ya maneno 300 aliyoyaogopa.

Tumeulizana sisi watano kila mmoja anaandikaje. Mmoja huandika alfajiri baada ya sala, kabla simu haijaanza kulia. Mmoja huandika kwenye basi la chuo, kwa penseli, kwa sababu safari ya dakika 20 haimpi nafasi ya kusitasita. Mmoja anafanya kazi ya usiku ghalani na huandika wakati wa mapumziko. Ndiyo maana mhusika wake kila mara ana usingizi. Wawili waliobaki huandika jikoni, sufuria ikiwa motoni, na kurasa zao zina mafuta ya kuthibitisha.

Mazoea hayo hayafanani, lakini tuligundua manne tunayoshiriki sote. Tunasoma zamu iliyotangulia mara mbili, ya pili kwa sauti. Tunaandika pembeni kile tulichoachiwa: kitu, swali au hofu. Tunajiuliza mhusika wetu anataka nini sasa hivi na nani anamzuia. Kisha tunaweka kalamu chini kabla hatujamaliza yote tunayoyajua, ili anayefuata apate pa kushika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kipaji cha kuzaliwa nacho.

Maneno yenyewe tunayaokota kwa watu wetu. Bibi wa mmoja wetu, aliyeko Tanga, hamalizi simu kwa kwaheri, husema, "Haya, sisi tupo." Maneno hayo sasa anayasema bibi wa sanduku kila anapokwenda kulala, na abiria wote wanamwogopa zaidi. Baba wa mwingine alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Akisimulia foleni ya maji, unajua nani alisimama mbele ya nani na nani aliweka ndoo badala ya nafsi yake. Foleni hiyo imeingia jahazini siku pipa la maji lilipokaribia kukauka. Wengi wetu tuliisikia habari ya Nyarugusu kwa mara ya kwanza kupitia pipa lile.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ya pili ya pendekezo, ambayo kwetu ni nzito kuliko ya kwanza. Usahihishaji umeshaanza kabla haujapitishwa. Dereva wa Bukavu, alipopanda jahazi, aliuliza, "Tuko naenda wapi?" Mtu akaja na wino mwekundu akaandika juu yake, "Tunakwenda wapi?" Sarufi ikanyooka, na dereva akapoteza mji wake kwa mstari mmoja. Huyu ni mtu wa Kivu, anazungumza kama watu wa Kivu wanavyozungumza. Mwenye mhusika huyo hakulalamika. Daftari lilipomfikia tena alilipitisha bila kuandika, na dereva amekaa kimya mbele ya jahazi tangu Februari. Mwanachama mwingine, aliyezaliwa hapa na aliyerithi Kiswahili kwa masikio tu, alikuta ngeli zake zimezungushiwa duara saba katika aya moja. Yeye pia sasa anapitisha.

Watu wawili kati ya tisa wamenyamaza. Kwa chama kilichoanzishwa ili Kiswahili kisitutoke midomoni ugenini, hiyo ni hasara kubwa kuliko ngeli zote zilizokosewa katika kurasa zote za daftari.

Hatusemi Kiswahili sanifu hakina maana. Makala haya tumeyaandika kwa sanifu, na tunataka kila mwanachama aweze kuandika barua ya kazi au insha bila kubabaika. Lakini sanifu yenyewe imejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Haikuja kuwafuta wengine. Nahodha wa Lamu, dereva wa Bukavu na mpishi wa Unguja wakizungumza wote kama kitabu kimoja cha sarufi, hatuna tena wahusika tisa. Tuna mwalimu mmoja aliyevaa kofia tisa.

Mjini Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1930, Viola Spolin alikuwa akifundisha maigizo kwa watoto wa wahamiaji waliotofautiana kwa lugha na asili. Aliwabunia michezo ambayo ndani yake jicho la mchezaji huwa kwa mwenzake na kwa jambo linalotendeka, si kwa makosa yake mwenyewe. Michezo ile ilikuja kuwa kitabu, Improvisation for the Theater, mwaka 1963, na mpaka leo waigizaji hufunzwa nayo. Watoto wale walikuwa na hali inayofanana na yetu: lugha moja nyumbani, nyingine nje, na aibu katikati. Kilichowafungua ni kupewa kitu cha kufanya pamoja.

Wenzetu watasema zamu fupi zitaleta uvivu. Tunajibu kwamba sentensi nne zinazomlazimisha mwingine kutenda ni kazi ngumu kuliko kurasa mbili za kuelezea machweo. Watasema pia kwamba makosa yasiposahihishwa yataota mizizi. Ni kweli, nasi hatutaki yaachwe, tunataka yasubiri. Mpishi mzuri haonji mdomoni mwa mgeni.

Basi haya ndiyo tunayoyaleta mkutanoni badala ya pendekezo lililopo. Zamu iwe ya siku mbili, na maneno yasizidi 150. Kila zamu iishe kwa kuachia kitu: swali, mlango uliofunguliwa, mkono ulionyooshwa. Ndani ya daftari kusiwe na wino wa mtu mwingine. Mwisho wa muhula tukae jioni moja, chai na mandazi mezani, tupitie sehemu za msimulizi pamoja, na kila mwenye ukurasa aulize mwenyewe anachotaka kuulizia. Maneno ya wahusika yaachwe kama yalivyotamkwa.

Na kwa wale wawili walionyamaza, hatutawatumia barua ya kuwahimiza. Zamu inayofuata ni ya nahodha, na mwenye nahodha ni mmoja wetu. Nahodha atakwenda mbele ya jahazi, atakaa karibu na dereva, atamweleza kwamba upepo umekufa na kwamba injini ya akiba haijawashwa tangu mwaka jana. Kisha atamwuliza kama anajua injini. Atangoja. Dereva anaweza kujibu kwa neno moja, kwa Kiswahili chochote alichonacho, na jahazi zima litamsikiliza kwa sababu bila yeye halifiki Unguja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika daftari letu mgeni ni yule mwenye Kiswahili kilichopita njia nyingine, na wenyeji tunaohitaji kuponywa ni sisi tunaodhani tumeshakijua. Mkutano ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, mahali pa kawaida. Njooni mpige kura, na mwenye daftari alilete.