Joto la Kompyuta: Mchezo Una Kosa Gani?

Siku hizi husemwa sana mabwenini, na hata mbele ya walimu, ya kwamba michezo ya kompyuta huunguza mashine, na kwa hiyo yafaa ipigwe marufuku kabisa. Mimi sikubaliani na shauri hilo, nami naomba nafasi kidogo nieleze sababu zangu.

Kwanza tutazame jambo lenyewe. Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, kipande kidogo kama kucha za vidole viwili, nacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Ukiandika barua, prosesa hupumzika zaidi kuliko inavyofanya kazi. Lakini ukicheza mpira au mbio za magari, picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, pengine kuzidi, na prosesa pamoja na mwenzake achoraye picha hawapati nafasi ya kupumua. Katika kompyuta mpakato nyingi za michezo, prosesa peke yake hutumia wati 45 na zaidi. Kumbukeni zile taa za zamani za wati 40: nani aliyeweza kuishika moja ikiwaka? Basi joto kama hilo limebanwa mahali padogo sana.

Joto hilo hupokewa na chuma, kisha feni hulipuliza nje. Njia ya hewa ikiziba, prosesa hupanda mpaka karibu digrii 100, ndipo hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mchezo hukwamakwama, na mwishowe mashine huzimika. Hapa Kigali maji huchemka yapata digrii 95; kwa hiyo prosesa yaweza kuwa na moto kuliko sufuria ya chai!

Tena sisi wa Kigali tuna sababu mbili za kujihadhari. Ya kwanza, mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika sita. Feni ipulizayo hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Ya pili ni vumbi jekundu, ambalo tangu Juni mpaka Agosti huingia kila mahali, hata tukifunga madirisha.

Wakati wa likizo nilimwona fundi akifungua mashine ya jirani yetu, iliyokuwa ikizimika kila ichezewapo mpira. Kati ya feni na chuma alikuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Akalitoa kwa brashi, akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Kazi yote haikufika saa moja. Jioni mchezo ule ule ulichezwa katika mashine ile ile, wala haikuzimika. Je, kosa lilikuwa la mchezo?

Wako watakaosema, "Afadhali tuikataze tu, tusalimike." Hatutasalimika. Mwanafunzi achoraye ramani ya nyumba au aunganishaye picha za sinema huipasha prosesa moto vile vile, na hizo ndizo kazi tunazohimizwa kujifunza. Zile kompyuta ndogo za XO, ambazo watoto wa shule za msingi za nchi yetu walianza kugawiwa mwaka 2008, hazikuwa na feni hata moja, kwa maana prosesa yake ilikuwa ya nguvu kidogo. Za leo zina nguvu nyingi, na nguvu yataka matunzo.

Shauri langu ni hili. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi nchi nzima hutoka kwa umuganda. Kwa nini chumba cha kompyuta kisiwe na umuganda wake, mara moja kila muhula? Mwalimu asimamie, mashine zizimwe na kuchomolewa umeme, feni ishikwe kwa kidole isizunguke, na vumbi litolewe kwa brashi laini. Vitambaa vya kufumwa viondolewe juu ya mashine zinazofanya kazi, wala mtu asiweke kompyuta juu ya godoro, kwa maana huziba matundu ya hewa. Na asiyeshika brashi asicheze.

Kuhusu wale wachezao saa za kujisomea, hao waadhibiwe kwa kuvunja ratiba. Lakini tusiwafukuze wenzetu mbele ya mashine kwa kosa la vumbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kompyuta mpya ni ghali kuliko brashi.

Mwenye neno la kunipinga na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita