Nani Kasema Rovuma ni la Wareno?

Wapo wanaoshika imani hii kama sheria: mto wetu jina lake la asili ni Ruvuma, na anayeutaja Rovuma, kama wafanyavyo ndugu zetu wa Palma, ng'ambo Msumbiji, anasema kwa ulimi wa Mreno. Imani hiyo inapendeza kwa sababu inatupa sisi wa ukingo wa kaskazini haki ya kumsahihisha jirani, lakini haina mguu wa kusimamia. David Livingstone, Mskochi, aliupanda mto huu mwaka 1861 na tena 1862, akaandika Rovuma. Wajerumani walipokubaliana na Ureno mwaka 1886 uwe mpaka, nao kwenye ramani zao waliweka o. Kama o ni muhuri wa Ureno, basi hao wote tuwape uraia wa Lisbon. Jina walilikuta vinywani mwa watu wa huku, kila mmoja akaliandika kadiri sikio lake na shule yake vilivyomruhusu. Ndivyo Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alivyouandika mji ule Kulwa, na Wareno baadaye wakauandika Quiloa, na hadi leo hakuna anayesema Kilwa ni jina la kuletwa na jahazi. Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, nayo Mjerumani aliitwaa 1894, Mreno akaikamata 1916 na kuthibitishiwa umiliki na mkataba wa Versailles wa 1919. K ikawa Qu, ikaandikwa Quionga, lakini ukiitamka ni Kionga ileile.

Ushahidi mzito zaidi uko kwa waliomfukuza huyo Mreno. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji walioanza vita Septemba 25, 1964 wakiwa na kambi upande wetu, walihimiza umoja wa nchi yao kutoka Rovuma hadi Maputo. Baada ya uhuru wa 1975 hawakuwa na huruma na majina ya kikoloni: Lourenço Marques likafutwa ikawa Maputo, na Porto Amélia, lililobeba jina la malkia wa Ureno, likawa Pemba (Wapemba wa kisiwani watuwie radhi). Wenye ufagio mkali namna hiyo wangeliacha Rovuma kama lingekuwa na harufu ya bwana?

Nitaambiwa basi nakubali kwamba yapo majina ya kufutwa. Nakubali, tena bila kigugumizi. Lakini Porto Amélia lilibandikwa juu ya watu, ilhali Rovuma ni masikio mawili yaliyosikia neno moja. Wala ukale peke yake haulifanyi jina kuwa la mtu. Haiti, koloni lililoitwa na Wafaransa Saint-Domingue, ilipojitangazia uhuru Januari 1, 1804, ilirudisha jina la Wataino, wenyeji ambao wakati huo walikuwa wameangamizwa karibu wote. Waliolichagua walikuwa watu wenye asili ya Afrika, wengi wao waliozaliwa huku barani, na babu zao hawakuwahi kulitamka. Limekuwa lao kwa sababu walilipigania.

Hoja ya mwalimu wa darasani ni nyingine, na ina uzito: mwanafunzi lazima aandike kwa namna moja. Sawa, Tanzania tuandike Ruvuma, huo ni utaratibu wa tahajia. Usigeuzwe kuwa hati ya umiliki, maana hata sisi jina hili hatujalitumia kwa nidhamu kubwa: Mkoa wa Ruvuma makao yake ni Songea, mbali na bahari, na mdomo wa mto uko Mtwara. Mwaka 2010 lilipofunguliwa daraja kati ya Mtambaswala na Negomano, tuliliita Daraja la Umoja, na ng'ambo wakaliita Ponte da Unidade. Malori yanapita, na pale hakuna aliyesimamishwa kuulizwa lipi kati ya hayo mawili ndilo la asili.