TAHARIRI: MALIZA DOZI, USIMBANE MTOTO PUA



Mvua zimeanza, na mbu nao wamo. Zahanatini watoto wenye malaria wanapewa dawa ya mseto: asubuhi na jioni kwa siku tatu, yaani mara sita. Shida inaanzia nyumbani. Mtoto anakaza meno, mama anachoka, homa ikishuka siku ya pili vidonge vinafungwa kwenye upindo wa khanga. Homa imeshuka, lakini vijidudu havijaisha.

Wazee wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu mno, wengi walimezeshwa kwa kubanwa pua. Serikali iliiacha mwaka 2001 kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea. Tusivizoeshe na mseto.

Kubana pua tukome kabisa. Mtoto anayelia akiwa chali hupaliwa, dawa ikaingia mapafuni. Mpakate, kichwa kiwe juu. Yeyusha kidonge kwa maji kidogo, mpe kwa kijiko, polepole. Kisha mpe maziwa au uji wa karanga, maana mafuta huisaidia dawa. Asali sisi wa Tabora tunayo, mlambishe aondoe uchungu. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali, ni hatari kwake.

Akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, ukaombe nyingine zahanati. Anayetapika kila kitu au mwenye degedege asingoje kuche: apelekwe usiku huohuo.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Mwaka 1973 tulisema Mtu ni Afya. Basi tuitimize.